Injini ya Henrike

Jumamosi hiyo ukumbi wa maonyesho ya pikipiki hapa Hamburg ulikuwa umefurika. Nje mvua ya Februari ilipiga kwa ubavu, ndani watu walisukumana na majaketi yao ya ngozi yaliyolowa, na harufu ya matairi mapya ilichanganyika na ya soseji za kukaanga. Henrike Brodersen alisimama mbele ya meza ya ekzosi, yale mabomba ya kutolea moshi. Alivaa sweta zito la bluu kama la mabaharia, jinzi iliyopauka magotini, na kofia ya sufu ya rangi ya chungwa iliyokataa kutulia juu ya nywele zake fupi. Mezani palikuwa na vitufe. Ukibonyeza kimoja, spika inakupigia mlio wa ekzosi unayotaka kununua. Henrike alikuwa amekibonyeza kimoja mara nyingi mpaka muuzaji akaanza kumkwepa.

"Nunua tu hiyo," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Baada ya miaka michache tutaonana dukani kwangu."

Aligeuka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ndevu zimepunguzwa vizuri, shati jeupe lililopigwa pasi chini ya jaketi la pikipiki lililochubuka viwiko.

"Kwani dukani kwako unauza nini?"

"Vifaa vya kusaidia kusikia. Wateja wangu ni viziwi."

Henrike hakutaka kucheka, lakini alicheka. "Na nani kakuomba ushauri?"

"Hakuna. Ndiyo maana nautoa bure."

Jina lake lilikuwa Ansgar Thomsen. Alimwuliza ekzosi hiyo ni ya pikipiki gani, na Henrike alipoitaja, Ansgar aliacha kutabasamu kidogo. Ilikuwa ya Kiitaliano, silinda nne, nguvu za farasi zaidi ya mia mbili, mashine ya mashindano iliyowekewa taa na kibao cha namba ili iruhusiwe barabarani. Henrike alikuwa ameinunua mwezi uliotangulia, ya kijivu kisichong'aa, na tangu hapo ilikuwa imekaa chini ya turubai ikisubiri baridi ipungue. Miaka yote alikuwa ameendesha pikipiki ya kawaida ya kwendea bandarini, ambako alikuwa dereva wa kreni kubwa za kushusha makontena. Alitaka, kama alivyomweleza Ansgar bila kujua kwa nini anamweleza, kitu kimoja maishani kisicho cha wastani.

Ansgar alimwambia ekzosi iwe ya mwisho. Kwanza matairi, kisha springi, kisha breki. Henrike alisema matairi ni mapya. Ansgar alisema matairi yanayokuja na pikipiki ni ya kupigia picha. Walibishana hivyo mpaka kwenye kibanda cha mikate ya samaki, wakala heringi na vitunguu vibichi wakiwa wamesimama, na Ansgar akaomba namba ya simu, akidai ni kwa ajili ya springi.

"Springi zinapiga simu?"

"Jioni, baada ya kazi."

Zilipiga kweli, Jumatatu. Henrike alikuwa amelala kwenye kochi, amevaa soksi mbilimbili kila mguu.

"Nahitaji kujua uzito wako," Ansgar alisema.

"Wanaume wengine huanza kwa kuuliza napenda rangi gani."

"Rangi haibonyezi springi, bibie. Zilizopo zimewekwa kwa dume la kilo themanini na tano. Ukipita kwenye shimo zitakurusha kama chapati."

"Uzito wangu nikiwa na nguo za kuendeshea au bila nguo?"

Ansgar akakohoa. "Na nguo," alisema. "Kwa sasa."

Gereji ya Ansgar ilikuwa Wilhelmsburg, kando ya mfereji, chumba cha nyuma katika karakana ya mtu anayetengeneza mashua. Huko ndiko walikoimaliza baridi yao. Kila wikendi Henrike alikuja na mikate ya mdalasini, na kila wikendi walichagua kitu kimoja. Matairi laini yanayoshika lami mapema. Springi za uzito wake, za mbele na nyuma. Mipira ya breki iliyofumwa kwa waya wa chuma, ili ukibana usihisi kama unabana sifongo. Mikono mifupi ya breki na klachi, kwa sababu vidole vya Henrike havikuifikia ile ya awali bila kunyooka. Juu ya hiyo mikono waligombana wiki nzima kwa simu. Ansgar alitaka myeusi, akisema myekundu ni ya wavulana. Henrike alimwambia anaonekana kama mtu anayepiga pasi hata soksi. Wakaweka myekundu.

Ansgar alikuwa na namna ya kumpima. Alimkalisha juu ya pikipiki, akapiga magoti sakafuni na kushika kisigino chake, akikisogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, kutafuta mahali pa kuweka kikanyagio. Alifanya hivyo polepole, bila kusema neno, kama anavyofanya dukani anapotafuta sauti ambayo mzee fulani ameipoteza. Siku moja alipofika kwenye goti, Henrike aliinama akamshika ndevu.

"Fundi, hapo unapima nini?"

"Nimesahau," Ansgar alisema, na hakuwa anatania. Wakabusiana hapohapo, naye Henrike akarudi nyumbani na alama ya mkono wa grisi mgongoni mwa sweta lake la bluu. Hakuifua.

Mwezi Machi waliifikia ekzosi. Henrike hakuwa ameisahau. Ansgar alijaribu kila njia: alisema majirani watalalamika, alisema mkaguzi hataipitisha, alisema uzito utakaopungua ni sawa na wa mkate mmoja. Henrike alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba pikipiki ni yake. Ansgar alikubali. Ila ukibadilisha ekzosi ya mashine kama ile, kompyuta ya injini nayo lazima ipangwe upya, vinginevyo injini inapumua vibaya. Ansgar alikuwa na kifaa cha kazi hiyo. Henrike alikuwa na zamu ya mchana. Alimbusu shingoni, akamwachia ufunguo, akaenda bandarini.

Ansgar alibaki peke yake na kompyuta ndogo mapajani. Aliipanga injini vizuri, kama alivyoombwa. Kisha akakaa muda mrefu akiangalia ile mikono myekundu ya breki. Halafu akafanya jambo ambalo hakuombwa. Aliifunga injini. Alipanga kwamba Henrike hata akizungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, katika gia za chini injini impe chini ya nusu ya nguvu zake, na kwa upole, kama inavyopewa pikipiki ya mwanafunzi. Alijiambia ni kwa muda tu, mpaka mikono ya Henrike iizoee. Alijiambia atamweleza Jumapili. Jumapili Henrike alikuja amevaa gauni, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, gauni la kijani lenye mikono mirefu, na Ansgar hakumweleza.

Aprili walianza kutoka pamoja, Ansgar nyuma na pikipiki yake ya zamani ya Kijerumani, Henrike mbele. Mlio ulikuwa mzito na mzuri. Springi zililaza barabara. Lakini Henrike alihisi kitu.

"Ni nzuri," alimwambia kwenye simu, "ila ni mvivu. Watu wanasema mashine hizi zinakutoa roho ukigusa mafuta. Yangu inaniomba radhi kwanza."

"Injini mpya hiyo, mpenzi. Ipe muda ilainike."

"Wewe unaijua kuliko mimi."

"Naijua," Ansgar alisema.

Mwanzoni mwa Mei walikwenda mji wa Husum, pwani, kula kamba wadogo wa huko. Ilikuwa siku ya upepo, mawingu yanakimbia, kondoo wametapakaa juu ya tuta la kuzuia bahari. Mbele yao lilikuwapo lori lililobeba magogo. Henrike alichungulia, akaona barabara iko wazi mpaka mbali, akatoka kulipita. Alipokuwa katikati ya ubavu wa lori, gari jeupe lilitokea kwenye njia ya shamba na kuingia barabarani, likimjia. Nafasi ilikuwapo. Kwa mashine kama ile ilikuwapo ya kutosha na kubaki. Henrike alizungusha mkono mpaka ukagota. Pikipiki ikavuta kama inayotembea ndani ya maji.

Ansgar aliona yote kutoka nyuma. Aliona dereva wa lori akikanyaga breki, moshi wa matairi, na Henrike akijipenyeza mbele ya bampa la lori huku kioo cha pembeni cha gari jeupe kikimgonga kwenye kiwiko. Hakuanguka. Aliendelea mpaka kituo cha mafuta kilichofuata, akasimamisha pikipiki, akaketi chini kwenye ukingo wa saruji na kushindwa kuvua glavu.

Ansgar alimvua.

"Nimekosea," Henrike alisema. "Nilikuwa gia gani? Hata sijui nilikuwa gia gani, Ansgar."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Ansgar alilijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika mdomoni. Alimtazama usoni, akaona jinsi alivyokuwa mweupe, akafikiri: akijua sasa, atanichukia. Akamshika mikono yote miwili.

"Umechoka tu," alisema. "Inatokea kwa kila mtu."

"Labda ni kubwa mno kwangu."

"Si aibu," Ansgar alisema, "kuchagua ndogo."

Tangu siku hiyo Henrike alibadilika. Juu ya kreni, katika kile kibanda cha vioo ambako kwa miaka alikuwa ameshusha makontena kwa wepesi wa mtu anayepanga vikombe kabatini, alianza kusita. Aliliacha kontena linaning'inia huku akihesabu upya umbali ambao macho yake yalikuwa yameshaupima. Msimamizi alimwuliza kwa redio kama anaumwa. Juma lililofuata Henrike mwenyewe aliomba ashushwe chini, afanye kazi za ofisini kwa muda. Alimwambia Ansgar jioni hiyo, akiwa amejikunja kwenye kochi, kwamba huenda siku zote alikuwa na bahati tu, na bahati imekwisha.

Na Ansgar, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha. Alimpikia viazi na heringi, akamfunika blanketi, akamwonyesha picha za pikipiki ndogo zenye siti pana na kioo kirefu cha kuzuia upepo. Alimwita jina la mapenzi ambalo hakuwahi kumwita kabla. Usiku alilala usingizi mzito, mkono wake juu ya tumbo la mwanamke ambaye sasa hataenda popote kwa kasi.

Juni Henrike alivua turubai na kuipeleka pikipiki Harburg kwa mzee Rickert, muuzaji wa pikipiki zilizotumika, ili aikadirie bei ya kuiuza. Rickert aliizunguka, akasifu springi, akasifu breki, akasema aliyechagua vitu hivi anajua kazi. Kisha akachomeka mashine yake ya kupimia, kama anavyofanya kwa kila pikipiki, akanyanyua miwani.

"Binti, nani ameifunga hii?"

Henrike hakuelewa. Rickert alimweleza taratibu, akimwonyesha mstari kwenye kioo cha mashine, unapotakiwa kupanda na mahali ulipokatwa. Alidhani labda ilikuwa ikitumiwa na mwanafunzi. Henrike aliutazama ule mstari. Akakumbuka bampa la lori. Akaomba kiti. Baada ya muda akamwuliza Rickert kama anaweza kuifungua, na Rickert akasema ni kazi ya dakika chache.

Duka la Ansgar liko Ottensen, dogo, safi, zulia nene la kumeza nyayo. Henrike aliingia na buti zake, jaketi limefungwa mpaka kidevuni. Ansgar alikuwa ameinama juu ya mzee mmoja aliyekaa kitini, ambaye vifaa vyake vipya vilikuwa ndiyo kwanza vimewashwa.

"Uliifunga injini yangu," Henrike alisema.

Ansgar alinyooka. Alimwomba waende chumba cha nyuma. Henrike alisema haendi. Mzee kitini aligeuza kichwa taratibu, akishangaa jinsi anavyosikia kila neno.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Pale kituo cha mafuta, nilipokwambia nimekosea?"

Hapo Ansgar alieleza, kwa sauti ya chini, kile ambacho alikuwa hajawahi kumweleza mtu. Alikuwa na mke, jina lake Maren. Yeye Ansgar ndiye aliyemjengea pikipiki, akaiwekea kila kilichoweza kuongeza nguvu, kwa sababu Maren alipenda na yeye alipenda kumwona akipenda. Kwenye kona moja karibu na Eckernförde, Maren alikuwa akimfuata, akafungua mafuta mapema, akaanguka. Alipona, lakini nyonga haikupona. Anatembea na fimbo, anaishi Kiel, na walipoachana hakumlaumu hata siku moja.

"Angenilaumu," Ansgar alisema, "labda ningepumzika."

"Pole," Henrike alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Lakini mimi si Maren. Na kule barabarani nilikaribia kufa kwa kitu ulichokiweka ili nisife."

"Najua."

"Hujui. Injini ningekusamehe. Ulinishika mikono, ukanitazama machoni, ukaniacha niamini kwamba mbovu ni mimi. Nimeshuka kwenye kreni yangu, Ansgar. Nimeketi ofisini wiki tatu nikibandika karatasi, na wewe unanipikia viazi."

Henrike akatoka. Kupitia kioo cha duka Ansgar alimwona akipanda, akamwona akiondoka taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayefahamiana na mgeni.

Kiangazi kizima simu ya Henrike iliita na hakuipokea. Wiki za mwanzo Ansgar alipiga kila jioni, baadaye Jumapili tu. Henrike alirudi juu ya kreni. Siku ya kwanza alikaa na mikono mapajani mpaka redio ikamwita mara mbili, ndipo akashika vishikio na kulishusha kontena la kwanza, kisha la pili, na kabla ya chakula cha mchana mikono ilikuwa imeshakumbuka. Alijifunza pia pikipiki yake upya, asubuhi za Jumamosi, kwenye barabara tupu za nyuma ya tuta, gia moja baada ya nyingine. Nguvu zilimtisha kweli. Ziliweza kumwua, na alilijua hilo. Alizizoea kidogokidogo kama watu wazima wanavyozoea mambo.

Ila alimkumbuka. Alikumbuka vidole vile juu ya kisigino chake. Oktoba, Jumapili moja, simu ilipoita, aliipokea.

Walikutana mchana kwenye mkahawa mmoja wa Övelgönne, meza ya nje, mto mbele yao na watu wengi wakipita na mbwa wao. Ansgar alikuwa amenyoa ndevu. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko Henrike alivyodhani. Aliagiza kahawa mbili bila kuuliza, kisha akakumbuka, akauliza. Alimwambia ameuza pikipiki yake. Alikuwa amekwenda Kiel kuonana na Maren, akamwambia yote, na Maren akamwambia ni mpumbavu, kwa upole. Henrike alicheka, na walipocheka pamoja ikawa kama Februari haijakwisha. Mkono wake uliutafuta wa Ansgar juu ya meza, ukaupata.

"Nimekuwa nusu mtu, Henrike," Ansgar alisema. Akatoa pete mfukoni, haikuwa hata kwenye kijaluba, akaiweka karibu na kijiko. "Endesha unavyotaka. Sitagusa tena hata nati moja. Nioe tu, au nikuoe, utakavyosema."

Henrike aliitazama pete. Alikuwa anataka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari, na mwili wake wote ulikuwa umeshalikubali.

"Nikuulize jambo moja, mpenzi," alisema, "na unijibu kweli. Kama ungejua uwongo mmoja utanirudisha nyumbani mzima, ungenidanganya tena?"

Kusema hapana ilikuwa rahisi. Ansgar alitazama meli iliyokuwa inapanda mto, makontena yamepangwa juu yake. Alitafuta ile hapana kwa bidii, kwa uaminifu wote aliokuwa nao.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku."

Henrike alitikisa kichwa polepole. Macho yake yalijaa. "Nami kila siku ningekuwa nahangaika kujua ni uwongo upi."

"Nakupenda."

"Najua. Hilo hukunidanganya."

Aliichukua pete, akaiweka katika kiganja cha Ansgar, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka ikafichika. Akambusu kwenye paji la uso, muda mrefu, mhudumu akasita na trei yake. Kisha akavaa kofia ngumu, akaenda kwenye pikipiki, na hakugeuka nyuma kwa sababu angegeuka angerudi.

Alikuwa na zamu ya jioni. Alishika njia ya handaki la chini ya mto, katikati ya malori, na humo ndani ndipo alipoanza kulia. Mtu aliyevaa kofia ngumu hawezi kujifuta. Machozi yanashuka mpaka kwenye sponji ya mashavu na kubaki hapo, baridi. Alilia handaki zima. Alipotokeza upande wa pili alifungua kioo cha kofia, upepo wa bandari ukampiga usoni, akapunguza mwendo kwa ajili ya kona ya kuingilia gatini.

Mlinzi wa lango alimtazama macho, akamwuliza kama kuna tatizo. Henrike alisema ni upepo tu. Akaonyesha kitambulisho chake, akaegesha, akapanda kazini.